Jiwe la Mwanahamisi

Harufu ilifika kwa fundi Mbugua kabla ya gari lenyewe. Ilikuwa harufu ya breki zinazoungua, kali, ya kukwaruza koo, na kila aliyekuwa kwenye gereji ile ya Emali aliinua pua akatazama barabarani. Kisha pikapu ya kijani ikaingia langoni polepole, ikihema, na nyuma ya usukani alikuwa Mzee Farouk wa Nuu, kofia yake imekaa sawasawa kichwani, amejitia hamnazo kana kwamba ule moshi mwembamba uliomfuata ulikuwa wa gari la jirani.

"Kuna mtu anachoma mahindi hapa karibu," alisema aliposhuka.

"Hakuna mtu anachoma mahindi, Baba," alijibu Nasima.

Nasima alikuwa bintiye wa pekee, mwalimu pale Emali, na alikuwa amefika kwa fundi mapema akakaa kwenye kiti cha plastiki kumsubiri. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hakuwa na haraka yoyote. Hilo ndilo lililomtisha Farouk. Mwalimu asiye na haraka ni mtu wa kuogopwa.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu Idi, Nasima alipopanda pikapu ile kutoka Nuu hadi Mwingi ikanuka njia nzima, alikuwa ameshika neno moja tu: si gari, ni mguu. Baba yake alikuwa amezeeka. Yeye mwenyewe aliwahi kumwambia kwa simu kwamba mguu wa kulia ulimfia ganzi akiwa anaendesha. Basi bila shaka mguu huo ulikuwa ukilala juu ya pedali ya breki bila mwenyewe kujua, gari likienda huku limeshikwa, na siku moja lingewaka moto mlimani naye yumo ndani. Walibishana hadi wakachoka, ndipo wakaelewana. Gari lipelekwe kwa Mbugua, aliyelijua tangu ujana wao wote watatu, yaani Mbugua, Farouk na gari. Kama ubovu ni wa gari, litatengenezwa na mzee atarudi nalo kwake. Kama ni wa mguu, ufunguo utabaki Emali, na mzee pia atabaki.

Hapo kwenye kubaki ndipo palipomkosesha Farouk usingizi. Alimpenda Nasima, aliwapenda wajukuu, hata lile kochi lao la kuzama alilipenda kiasi. Lakini nyumba yake ya Nuu ilikuwa mbali na sokoni, na bila gari asingeweza kufungua duka, kununua ndengu, wala kuchota maji. Na nyuma ya nyumba hiyo, karibu na ua wa miiba, alikuwa amelala Mwanahamisi, mkewe, aliyefariki mwaka juzi. Angemwachaje pale peke yake, eti akae Emali kutazama televisheni?

Na ubaya wa mambo ni kwamba Farouk mwenyewe hakuwa na hakika. Mbele ya Nasima alikataa katakata. Lakini njiani, akiwa peke yake, mara nyingi aliinama kuutazama mguu wake ulipo, kama mtu anayemchunguza mfanyakazi aliyeanza kumtilia shaka.

"Mzee, leo hakuna urafiki," alisema Mbugua akijifuta mikono kwa tambara. Wazazi wake walikuwa wamehamia Emali kutoka Murang'a yeye akiwa mdogo, na alikuwa amenenepa hapo hapo gereji, chini ya magari ya watu. "Leo mimi ni daktari. Panda twende. Wewe endesha, mimi kazi yangu ni kuangalia mguu."

Walishika barabara ya Loitokitok, ambayo imenyooka na haina milima. Mbugua aliinamisha kichwa chini ya dashibodi kama mtu aliyeangusha funguo. Farouk naye aliogopa kugusa breki kiasi kwamba aliuinua mguu ukaning'inia hewani kila alipoutoa kwenye mafuta, ukaanza kutetemeka. Jasho lilimtoka hadi kwenye nyusi.

"Sasa toa gia, tuache iende yenyewe," alisema Mbugua kutoka huko chini.

Farouk alitoa gia. Gari lisilo na kasoro lingeserereka mwendo mrefu. Pikapu ilikwenda kidogo, ikasita, ikasimama kabisa katikati ya barabara tambarare, kana kwamba mtu ameikamata mkia.

"Mguu uko wapi, Mzee?"

"Uko hapa juu. Huuoni?"

"Nauona. Uteremshe basi, utashikwa na kiharusi bure."

Waliporudi, Mbugua alimwambia Nasima kwamba mguu haukugusa kitu. Farouk alivuta pumzi ndefu. Lakini Nasima hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi.

"Alikuwa anajua unamtazama," alisema. "Hata wanafunzi wangu hukaa sawasawa inspekta akiingia."

"Ni kweli," alikiri Mbugua. "Haya, tumtoe mzee kwenye maneno. Tuulize magurudumu."

Alichota maji kwa kopo akayamwagia gurudumu la mbele, pale katikati. Maji yakatiririka tu, yakaingia mchangani. Akamwagia la pili la mbele, yakatiririka vilevile. Akaenda nyuma. Maji yalipogusa gurudumu la nyuma yalilia "tssss", mvuke ukapanda, na watu wawili waliokuwa wakicheza bao kando wakaacha mchezo wakasogea. La upande wa pili likalia hivyo hivyo.

"Mwalimu, sikiliza," alisema Mbugua. "Mguu ukikanyaga breki, inashika magurudumu yote. Na yale ya mbele ndiyo hushika zaidi, yana kazi kubwa. Kama ni mguu wa Mzee unalala pale, hizi za mbele zingekuwa zimeiva kwanza. Sasa hizi ni baridi kama uji wa jana. Kitu inashika nyuma peke yake."

Nasima alilisogelea gurudumu akaweka kiganja karibu, akakiondoa haraka. Farouk alitamani kusema mengi, akajizuia.

"Na mimi najua ni nini," aliendelea Mbugua, sasa amenogewa. "Ni mpira. Kuna mpira unapeleka mafuta ya breki huko nyuma. Ukizeeka unavimba ndani. Mafuta yanaenda, kurudi hayarudi. Naweza kula kiapo. Hebu kaa, Mzee, ni kazi ya dakika mbili."

Kazi za Mbugua za dakika mbili zilijulikana Emali nzima. Farouk alivuta kiti cha plastiki kivulini, akakaa akitazama jeki ikiinua mkia wa pikapu, na fikira zikamchukua.

Pikapu ile ilikuwa na umri wa Nasima, au Nasima alikuwa na umri wa pikapu, inategemea unamwuliza nani. Farouk aliinunua ikiwa imeshatumika na wengine, na breki ya mkono ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza. Hakujali. Magari ya wakati huo yalikuwa na jiwe. Kila mwenye pikapu alikuwa na jiwe lake na tanboi wake, na gari likisimama mlimani, tanboi huruka chini, hutupa jiwe nyuma ya gurudumu, mambo yakaisha. Farouk alikuwa akinunua ndengu na mbaazi za wakulima wa Nuu na kuzileta huku Emali kwa wenye malori ya Mombasa. Tanboi wake wa kwanza aliitwa Kilonzo, kijana mzuri, ila alipenda usingizi kuliko jiwe. Siku alipokawia kuamka na gari likarudi kinyumenyume hadi kwenye mtama wa watu, Farouk alimwachisha kazi pale pale.

"Nitakwenda mimi," alisema Mwanahamisi jioni ile.

Watu walicheka. Mwanahamisi alikuwa wa ukoo wa watu wa pwani waliokaa Mwingi tangu enzi za babu zao, baba yake muuza vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa na madoido ambayo Nuu nzima ilipenda kuyaigiza. Mtu wa namna hiyo atashika jiwe? Alimwachia mama mkwe mtoto, akashuka hadi kwenye mto wa mchanga kutafuta jiwe lake mwenyewe. Aliyapapasa mawe kama anayechagua papai sokoni, hili akalikataa, lile akalikataa, mpaka akapata moja jeusi, kubwa kama kichwa cha mbuzi, lililo bapa upande mmoja. Akalifunga kwenye leso kuukuu ili lisigonge-gonge nyuma ya kiti. Kuanzia siku hiyo wakamwita tanboi wa buibui, na hakuacha kazi hiyo hadi alipougua.

Mlima wao mkubwa ulikuwa Kwa Ndila, ule unaoupanda kabla ya kuingia Nuu. Pikapu haikuwahi kuupanda kwa pumzi moja. Ikifika katikati, maji ya rejeta yalianza kuchemka, Farouk akakanyaga breki na kupiga kelele, "Jiwe!" Mara nyingi aliita huku mlango wa pili uko wazi tayari, maana Mwanahamisi aliisikia injini ikichoka kabla yake. Aliliweka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha akapiga bodi kwa kiganja mara mbili: pa, pa. Ndipo Farouk alipoachia breki, gari likaegemea jiwe likatulia.

Hapo walikunywa chai. Walikaa ukingoni mwa barabara na chupa yao ya chai ya tangawizi, wakaliangalia bonde lote huko chini na vichaka vyake, injini ikitoa milio ya kupoa. Farouk hakumbuki waliongea nini. Yaelekea waliongea bei ya ndengu. Lakini angeulizwa leo achague saa moja ya maisha yake airudie, asingechagua harusi wala Idi yoyote. Angechagua chai ya Kwa Ndila.

Kisha aliwasha gari akaondoka, na akishaondoka hakuweza kusimama tena hadi kileleni, kwa hiyo Mwanahamisi aliokota jiwe akafuata kwa miguu. Farouk alingoja juu. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa subira, alipiga honi. Sauti ya mkewe ilipanda kutoka konani: "Naja, bwana! Jiwe halina miguu!" Kila safari maneno ni hayo hayo, na kila safari alitokea akicheka, vumbi hadi kwenye kope, amelipakata jiwe kama mtoto.

"Nimeaibika," ilisema sauti chini ya pikapu.

Farouk alizinduka. Mbugua alikuwa amejitokeza nusu, uso umejaa masizi.

"Nimefungua ile nati ya kutolea hewa. Kama ingekuwa mpira, mafuta yaliyonaswa yangeruka nje, gurudumu likalegea. Yametoka matone tu. Gurudumu bado limeshikwa kama limelaaniwa. Si mpira."

"Wewe si uliapa?" alisema Nasima.

"Nilisema naweza kuapa. Sikuapa."

Alirudi chini. Ikasikika sauti ya nyundo, ngo, ngo. Halafu Mbugua akaanza kucheka, kicheko cha tumbo kinachogonga chesisi.

"Mzee! Njoo uone maajabu. Hii kebo ya hendbreki imekazika kama kamba ya kuanikia nguo za mvua. Nani ameivuta?"

"Hakuna aliyeivuta. Hendbreki iko chini. Angalia."

Nasima alichungulia ndani. Kweli, mkono wa breki ulikuwa umelala chini.

"Ukishusha mkono, huko juu inashuka," alisema Mbugua akitoka kabisa sasa, akijipangusa. "Huku chini haina habari. Kebo imejaa kutu ndani ya ala yake. Ukiivuta inakuja, ukiiachia hairudi. Inabaki imeshika magurudumu ya nyuma, na wewe unaenda tu." Alitikisa kichwa. "Lakini Mzee, hii hendbreki ilikufa zamani. Mimi mwenyewe nilitaka kuitengeneza, ukaniambia niwache, uko na yako ya buibui. Tukacheka hapa, Mwanahamisi mwenyewe akiwa amekaa kwa hicho kiti. Kitu imekaa na kutu miaka hiyo yote. Nani alifufua?"

Farouk alitazama kiti cha plastiki alichokuwa amekikalia. Wacheza bao walirudi kwenye bao lao bila kuambiwa.

"Ni fundi wa huko Mwingi," alisema mwishowe. "Nilimwambia aifufue."

"Lini, Baba?" aliuliza Nasima.

"Baada ya arobaini ya mama yako."

Alikaa chini tena, maana maneno yalikuwa mazito kuyasema kwa kusimama.

"Nilikuwa narudi Nuu na mzigo wa duka. Safari ya kwanza peke yangu. Nikafika Kwa Ndila, gari ikachemka pale pale pa siku zote. Nikakanyaga breki. Nikaita, 'Jiwe!' Nasima, niliita kwa nguvu. Nikangoja yale makofi mawili ya bodi. Nikakasirika hata, nikajiuliza mbona leo anakawia. Kisha nikageuka nikaona kiti."

Nasima aliweka mkono mdomoni.

"Sasa ningefanya nini? Nikiachia breki, gari inarudi bondeni. Nikishuka, inarudi bondeni. Nilikaa hapo nimekanyaga, nalia, nimekanyaga, mpaka mguu ukafa ganzi wote. Kivuva, yule muuza maji wa Nuu, alipita na punda zake, akaniuliza kuna nini, sikuweza kumwambia. Yeye ndiye alitafuta jiwe la kando ya barabara akaniwekea. Ndiyo ule mguu niliokuambia kwa simu. Sikukueleza kwa nini." Alifuta uso kwa kofia. "Basi nikaona, mtu mmoja hawezi kuwa dereva na jiwe. Nikaifufua hendbreki. Tangu siku hiyo nikisimama popote, hata kwa tambarare, naivuta. Naogopa."

Mbugua alikuwa akiisafisha spana iliyokuwa safi tayari. Nasima alichuchumaa mbele ya baba yake, akaushika ule mguu wa kulia, goti, akalifinya kidogo kama anayemwomba msamaha mtu aliyemsingizia.

"Mimi nilidhani unazeeka," alisema.

"Nazeeka. Lakini si hivyo."

Mbugua alikohoa. Alieleza kwamba kebo ya gari la zamani vile haipatikani Emali, ataiagiza Nairobi, na itachukua siku zake. Kwa sasa ataifungua kabisa ile iliyopo ili magurudumu yawe huru. Breki za mguu ni nzima, hazina neno. Ila kwa milima, hadi kebo mpya ije, itabidi mzee arudie mambo ya kale.

Hakuna aliyeuliza mambo gani. Nasima alikunja kiti cha pikapu akaingiza mkono nyuma yake, akatoa kitu kizito kilichofungwa kwenye leso iliyofifia hata maandishi yake hayasomeki. Farouk hakuwa amekigusa tangu msiba. Bintiye alikifungua kidogo, akaliona jiwe, akalipima kwa mikono.

"Mama alikuwa anapanda nalo hili Kwa Ndila? Kwa miguu?"

"Si mbali," alisema Farouk.

"Wewe umewahi kupanda kwa miguu?"

Farouk hakuwahi, miaka yote ile. Aliujua mlima wa Kwa Ndila kwa kioo cha mbele tu. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa mgunga, na hata Nasima alipomkabidhi ufunguo mbele ya Mbugua kama walivyoelewana, furaha yake haikutimia.

"Ni wako," alisema Nasima. "Gari ndilo lenye makosa. Lakini nitakuja nawe hadi Nuu. Sijamalizana na huo mguu."

Waliondoka kesho yake alfajiri, wakapitia Wote, wakaingia Kitui, wakapanda Mwingi. Gari lilikuwa jepesi ajabu. Farouk alikuwa amesahau lilivyoserereka zamani, mtu akiondoa mguu kwenye mafuta likaendelea kwa raha zake likipiga mluzi. Kila waliposimama Nasima alimwagia magurudumu ya nyuma maji, na kila mara maji yakatiririka tu. Harufu ilikuwa imekwisha. Walipofika sehemu ya vumbi baada ya Mwingi, Farouk alikuwa akiimba chini kwa chini, jambo ambalo bintiye hakuwa amelisikia tangu msiba.

Alasiri wakafika Kwa Ndila. Nyuma walikuwa wamepakia sukari na unga wa duka, na pikapu haikuwa imebadili tabia. Katikati ya mlima rejeta ilianza kuchemka. Farouk alikanyaga breki, na neno likamtoka lenyewe kabla hajalizuia.

"Jiwe!"

Mlango wa pili ulifunguka. Alisikia viatu vikikimbia kwenye changarawe, jiwe likisukumwa chini ya gurudumu, kisha bodi ikapigwa kwa kiganja. Pa, pa.

Farouk hakuweza kuachia breki mara moja. Alikaa na mikono kwenye usukani mpaka Nasima akapiga tena kwa nguvu zaidi akidhani hakusikia. Ndipo alipouinua mguu taratibu, gari likaegemea jiwe likatulia.

Wakanywa chai ukingoni. Nasima alikuwa ameitia tangawizi nyingi mno. Farouk akamwambia, Nasima akasema basi kesho apike mwenyewe. Bonde lilikuwa pale pale, vichaka vile vile, moshi wa mchoma makaa mmoja ukipanda mbali.

Injini ilipopoa, Nasima alijipangusa nguo. "Haya, washa uende. Mimi nitaliokota nije."

Farouk alitoa ufunguo mfukoni akamnyooshea.

"Endesha wewe."

"Ufunguo si ni wako?"

"Ni wangu. Ndiyo maana nakupa. Usisimame mpaka juu, itakushinda kuondoka."

Nasima alimtazama usoni, akautazama mguu, akauchukua ufunguo. Alikuwa amejifunzia udereva kwenye pikapu hiyo hiyo. Akawasha, akaingiza gia, gari likanguruma likaondoka, na kwa mara ya kwanza maishani Farouk aliliona gari lake likiondoka bila yeye. Lilimtupia moshi na vumbi usoni, likamtia kikohozi. Kumbe huu ndio mgongo wa pikapu aliokuwa akiuona Mwanahamisi siku zote.

Akainama akalichukua jiwe. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na lilikuwa na joto la gurudumu. Akalipakata kifuani, akaanza kupanda.

Kwenye kioo cha mbele mlima ule ulikuwa mfupi. Kwa miguu ulikuwa na kona ambazo hakuwahi kuzijua, na changarawe zilizokuwa zikikimbia chini ya viatu. Mikono ilianza kumuuma. Mguu wa kulia, ule mshtakiwa, ulipanda sawasawa na mwenzake bila kulalamika. Lakini pumzi zilikuwa kidogo, na kwenye kona ya pili alitafuta pa kulitua jiwe. Palikuwa na mwamba kando ya njia, umekaa kimo cha kiuno, bapa kama meza. Akalitua hapo.

Ndipo alipoona. Juu ya mwamba ule, mahali pamoja tu, palikuwa na weupe, uso wa mwamba umekwanguka na kumomonyoka kidogo, shimo jepesi la duara kama alama ya sufuria kwenye jiko la zamani. Jiwe la Mwanahamisi lilikuwa limekaa ndani yake barabara, upande wake bapa chini, kana kwamba limerudi kwao.

Hapa ndipo alipokuwa akipumzika. Kila safari. Alilitua hapa, akanyoosha mgongo, akafuta jasho, na huko juu mumewe akapiga honi kama mtu anayeita ng'ombe.

Farouk aliweka viganja vyake viwili juu ya mwamba akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, hakukuwa na mtu ila mbuzi wawili. Alimlilia mkewe, na alimlilia yule kijana mpumbavu wa kileleni aliyedhani anangojeshwa.

Juu ya mlima honi ililia. Mara ya kwanza fupi, kisha ndefu, kisha fupi tatu za mtu asiye na subira, na yeyote aliyemjua Farouk angejua mtoto huyo ni wa nani.

Alijifuta uso kwa kofia, akaivaa tena. Akaliinua jiwe.

"Naja!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Jiwe halina miguu!"

Honi ikanyamaza ghafla. Farouk akalipakata vizuri, akaendelea kupanda, mguu wa kulia ukitangulia.